Moshi Uwanjani Shabunda

Kwa miaka tisa Euphrasie alimjua Gérard wa Shabunda kwa sauti tu. Uso wake hakuwahi kuuona. Alijua ana kikohozi kinachomwamkia kila msimu wa mvua, alijua mke wake ana ulimi mkali, alijua kwamba akiwa na habari njema lazima acheke kwanza ndipo aseme. Gérard naye alimjua hivyo hivyo. Kazi ya phonie, redio ya kuitana mji kwa mji, ndiyo hiyo: unamjua mtu ndani nje, halafu mkikutana njiani mnapishana bila hata salamu.

Phonie yenyewe ilikaa juu ya meza katika chumba cha mbele cha nyumba ya Euphrasie, mtaa wa Muhumba mjini Bukavu, imeunganishwa na betri ya gari. Waya wa antena ulitokea dirishani ukafungwa kati ya miti miwili ya avoka. Ilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka chumvi, sabuni na vitenge Shabunda kwa ndege ndogo, na kurudisha mchele na mafuta ya mawese. Vita ilipoingia Bukavu mwezi wa Oktoba, tajiri huyo alivuka mpaka na mikoba miwili, akasahau hata kuaga. Phonie ikabaki, na Euphrasie akabaki nayo, kwa sababu mume wake Anaclet alikuwa huko huko Shabunda.

Anaclet alikuwa mkuu wa uwanja wa ndege wa Shabunda. Msidhani ni cheo kikubwa. Uwanja ni majani, na kazi ya mkuu ni kuyafyeka, kufukuza mbuzi kwa fimbo, na akisikia ndege kwa mbali, kuwasha majani mabichi pembeni ili moshi umwonyeshe rubani upepo unatoka wapi. Moshi usipopanda, rubani hatui. Na kwa kuwa Shabunda haina barabara ya kuitwa barabara, kila kitu hushuka kutoka juu: chumvi, dawa, barua, habari za ndugu. Mlio wa ndege ukisikika, walimu hufunga vitabu, wanawake huacha vyungu motoni, na mji mzima unakwenda uwanjani. Rubani huzunguka mara mbili ili watu watoke kwenye majani, kisha anashuka. Euphrasie alikwenda kule mara moja tu, kabla hajaanza kazi ya phonie, akarudi akicheka kwamba hajapata kuona watu wanaoshangilia mfuko wa chumvi namna ile.

Mwanzoni mwa Oktoba Anaclet alipanda ndege kwenda kukaa zamu yake ya wiki mbili. Wiki mbili hizo zikawa miezi minne na nusu. Wanajeshi wapya, wale wa viatu vya mpira, waliuteka Bukavu, wakasonga mbele msituni, na mwishoni mwa Januari wakafika Shabunda. Hapo ndipo Euphrasie aliporuhusiwa kufungua phonie tena, mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa kumi jioni, dakika kumi kila mara. Mwanajeshi mmoja aliwekwa kukaa kando yake na kuandika kila neno. Jina lake Lucien, mtu wa makamo kutoka Rutshuru, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kubeba bunduki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kupita wa karani wa parokia.

Jumatatu hiyo ya Februari, mwaka wa tisini na saba, Euphrasie aliketi kwenye kiti dakika kumi kabla ya wakati.

"Shabunda, Shabunda, huku Bukavu. Gérard, uko unasikia? À toi." Akaachia kitufe ili Gérard apate zamu yake.

"Bukavu, nakusikia muzuri kabisa, maman. À toi."

"Leo kuko habari. Kandege kanakuja. Kule ku uwanja ya Kavumu wamepata ruhusa. Itakuwa midi, saa sita hivi, ao nyuma ya midi, sababu ya mawingu. Chumvi mifuko kumi na mbili, sabuni, na dawa ya hopitali. À toi."

Kwanza kikaja kicheko, kirefu, mpaka kikaishia kwenye kikohozi. Miezi minne Shabunda walikuwa wakila mboga bila chumvi. "Maman, napiga kengele sasa hivi, mupaka wafu wasikie! Ngoja, muzee yuko hapa pembeni, ananinyang'anya micro. À toi."

"Maman Euphrasie," ikasema sauti ya Anaclet. Hewani alimwita hivyo, kwa heshima, kwa sababu kila mwenye phonie kutoka Kamituga hadi Kavumu alikuwa anasikiliza. "Uwanja iko na majani mupaka ku magoti. Naita watu, tunafyeka. Moshi itapanda, rubani asiogope. À toi."

"Na wewe unapanda. Kandege kakishusha chumvi, nafasi iko. À toi."

"Napanda. Miye sasa sipiti uzito ya mufuko moja. Weka maji ya kuoga ku moto. À toi."

Euphrasie akacheka na machozi yakamtoka, vyote kwa pamoja, mbele ya mwanajeshi mwenye kalamu. Hakuona aibu hata kidogo. Lucien aliandika kwa ule mwandiko wake: *Ndege inakuja leo mchana. Wasafishe uwanja. Wawashe moshi.* Akapiga mstari chini yake, akafunga daftari.

Saa tatu hivi Euphrasie alikuwa uani akipiga pasi ya makaa shati jeupe la Anaclet. Jirani yake Séraphine alikuwa langoni na beseni la mandazi, akimtania.

"Leo utapiga pasi mupaka shati itoboke. Mwanaume anatoka mu pori, hataangalia shati."

"Wewe uza mandazi yako," Euphrasie akasema, na uso ulikuwa unamng'aa.

Ndipo ule mlio ulipokuja. Masikio yake yalizoea ndege, aliweza kukwambia kama imejaa au ni tupu. Huu haukuwa mlio wa kandege. Ulipita juu ya mapaa kwa ghadhabu, na ulipofika masikioni ndege yenyewe ilikuwa imekwisha pita. Watu wakatoka nje. Wakaziona tatu, zikigeuka juu ya ziwa, na jua likapiga kwenye mabawa.

"Ndege za serikali!" mtu mmoja akapaza sauti barabarani. "Zimerudi kutuokoa!" Na wengine, Mungu awasamehe, wakapiga makofi. Séraphine akavua kitenge cha begani akakipunga.

Ndiyo, zilikuwa za serikali. Serikali ile iliyokimbia Oktoba na magodoro ya watu kichwani ilikumbuka Februari kwamba ina mji unaoitwa Bukavu, ikauletea mabomu. Bomu la kwanza liliangukia mlimani ng'ambo, upande wa Kadutu, la pili na la tatu karibu na mahali wanawake wanapouzia unga. Ardhi ikaruka. Vioo vya dirisha la phonie vikamwagika sakafuni. Kutoka kwenye vilima vyote wanajeshi wapya wakafyatua bunduki kubwa na ndogo kuelekea juu, dakika nzima, mbili, hawakupata kitu, na ndege zikaondoka zilivyokuja.

Risasi ikipanda lazima ishuke, na haichagui pa kushukia. Zilianza kugonga mabati ya mapaa, moja hapa, moja pale. Séraphine alikuwa bado amesimama langoni na kitenge mkononi. Alikaa chini polepole, akashika shingo yake na kusema, "Nyamuzinda," jina la Mungu kwa Kishi, kisha akalala juu ya beseni la mandazi.

Euphrasie, na Lucien aliyekuja mbio kutoka barabarani, waling'oa mlango wa jikoni wakambeba nao hadi hospitali. Njiani walikutana na milango mingine, na mikokoteni, na mwanamume aliyembeba mama yake mgongoni huku akimwongelesha ingawa kichwa cha mama kilikuwa hakikai wima. Walipofika, muuguzi alimtazama Séraphine mara moja tu, akaonyesha kwa kidole upande wa kulia, walikokuwa wanalazwa wasiohitaji tena dawa. Euphrasie alimfunika kwa kitenge kile kile. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana asubuhi ile ile walikuwa wakicheka.

Alikuwa anaosha mikono kwenye bomba la uani pale hospitalini aliposikia transista. Mzee mmoja alikuwa ameiweka kwenye ukingo wa ukuta, na watu wameizunguka. Msomaji habari kutoka Kinshasa, kwa Kifaransa chake kilichopigwa pasi, alikuwa anaeleza kwamba adui amepigwa Bukavu, kwamba raia wasiwe na wasiwasi, na kwamba kazi inaendelea siku hiyo hiyo: kila uwanja wa ndege ulio mikononi mwa waasi utapigwa, bila kubakiza hata mmoja.

"Raia wasiwe na wasiwasi," mzee akarudia, akatema mate.

Euphrasie alifikiria kwanza Kavumu, kilomita thelathini tu kutoka pale. Kisha akayaona majani ya Shabunda yamefyekwa tangu asubuhi. Aliwaona watu wamekaa pembeni ya uwanja na beseni zao, wakisikiliza mbingu. Hakuna ndege ya chumvi itakayoruka leo, rubani gani angethubutu? Lakini Shabunda hawakujua. Ndege yoyote watakayoisikia leo wataipokea kama yake yeye, Euphrasie, kwa sababu yeye ndiye aliyeitangaza. Akaondoka mbio bila hata kufunga bomba.

Nyumbani umeme wa mji ulikuwa umekatika. Betri ilikuwa na kile kilichobaki kutoka asubuhi. Aliwasha.

"Shabunda, Shabunda, huku Bukavu. Jambo la haraka. À toi."

Mvumo tu. Gérard naye alikuwa na betri ya kutunza, na hakuna mtu anayewasha phonie saa saba mchana kama rendez-vous, saa ya kuitana, ni saa kumi. Euphrasie alijua hivyo, na aliita tu. Kila alipobonyeza kitufe, mshale mdogo wa betri ulishuka kidogo. Akiendelea kuita sasa, huenda saa kumi asiwe na nguvu ya kumfikia hata mtu wa Kavumu. Akinyamaza, huenda saa kumi ikawa imechelewa. Aliita mara sita, akahesabu mpaka mia, akaita mara tatu zaidi. Kisha akaondoa mkono kwa nguvu, kama anauondoa kwenye jiko.

Lucien aliingia wakati huo na karatasi. Amri kutoka kwa komanda: phonie zote zizimwe, maikrofoni zikusanywe. Walikuwa wanatafuta mtu aliyeziita ndege.

"Chukua mimi pia," Euphrasie akasema. "Nipeleke kwa komanda. Sasa hivi."

"Maman, batu hawaendi kule kwa miguu yao."

"Miye naenda."

Komanda alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kama angepiga kelele. Alikuwa amekaa katika ofisi isiyo na vioo, na vipande vilikuwa bado mezani. Alimsikiliza Euphrasie mpaka mwisho.

"Unasema ndege zitakwenda Shabunda," akasema. "Nani amekuambia?"

"Redio imesema viwanja vyote. Hata mutoto anaweza kuelewa."

"Redio haikutaja Shabunda. Wewe umetaja." Akanyoosha mkono, Lucien akampa daftari. Komanda akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Ndege inakuja leo mchana. Wasafishe uwanja. Wawashe moshi." Akainua macho. "Saa moja asubuhi unatangaza ndege. Saa tatu ndege zinakuja. Sasa unajua hata zinakwenda wapi baadaye. Mama, wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

Ilikuwa kweli. Maneno yalikuwa yake. Yakiwa kwenye karatasi, katika mwandiko ule mzuri, yalionekana kama ya mtu mwingine, mtu wa kutisha.

"Mon commandant," Lucien akasema, akasimama wima, "ni mimi niliandika. Kulikuwa mambo ya chumvi mbele ya pale, sikuyaandika. Bwana yake iko Shabunda. Yeye njo anawasha moshi."

Nje mtu alikuwa anafagia vioo.

"Watu wetu wa Shabunda tumekwisha waambia kwa redio ya jeshi," komanda akasema mwishowe. "Watajificha."

"Na raia?" Euphrasie akauliza.

Komanda alitazama saa yake. "Saa kumi. Dakika tano. Huyu atakaa karibu nawe, na ataandika yote safari hii."

"Nifungulie sasa, papa. Nakuomba."

"Umesema mwenyewe kwamba kule hawawashi kabla ya saa kumi." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Walirudi Muhumba. Euphrasie alikaa mbele ya phonie iliyozimwa na mikono mapajani, kuanzia saa tisa kasorobo mpaka saa kumi. Hakusali, maana kila alipoanza sala alisikia ndege. Zilikuwa za kichwani mwake tu. Alimkasirikia Anaclet kwa kuwa mwaminifu wa kazi. Mwanaume mwingine yeyote angelala usingizi mchana ule, angesema ndege ikija nitaisikia. Anaclet angekuwa amekaa kando ya rundo lake la majani mabichi na kiberiti mfukoni tangu saa sita.

Saa kumi kasoro dakika moja Lucien mwenyewe alirudisha maikrofoni mahali pake, akafungua daftari.

"Shabunda, Shabunda, huku Bukavu. À toi."

Mvumo.

"Shabunda, Shabunda. Gérard. À toi."

Mvumo. Kisha, mbali, kicheko. Euphrasie alifumba macho.

"Bukavu! Maman, aksanti! Aksanti mingi! Kandege kenu kako hapa juu! Kandege gani, leo mumetutumia kubwa, inalia mupaka nyumba inatetemeka! Imezunguka mara moja, sasa inarudi. Watu wote bako ku uwanja, hata bagonjwa ba hopitali wametoka. Papa Anaclet amewasha, moshi inapanda sawasawa. Miye nimekimbia tu kuja kukushukuru..."

Alikuwa amebonyeza kitufe, na mtu akishikilia kitufe, wengine wote duniani hawawezi kumwambia kitu. Euphrasie alikuwa anapiga meza kwa ngumi. Sema à toi. Sema à toi, Gérard. Gérard alisalimia mji mzima wa Bukavu, akasalimia tajiri kama yupo, akasema mama mkwe wake ameokoka sasa atapata chumvi.

"...À toi."

"Haiko yetu! Gérard, hiyo ndege haiko yetu! Njo ile imepiga Bukavu asubuhi! Toa watu ku uwanja, wakimbie mu pori! Anaclet azime, akimbie! Kimbia! À toi!"

Mvumo ukarudi. Aliita tena, na tena. Hakujua kama Gérard amesikia na kukimbia, au kama betri yake mwenyewe ilikuwa haifiki tena. Dakika tano za komanda zilikwisha. Lucien hakutazama saa. Kalamu ilikuwa mkononi na haikuandika.

Wakakaa. Jua likashuka upande wa pili wa kilima, na chumba kikaanza kuwa na kivuli. Mara mbili Lucien alimletea maji, na hakuyagusa. Saa kumi na moja na nusu phonie ilikohoa.

"Bukavu." Sauti haikuwa na kicheko. Alichukua muda kuitambua. "Bukavu, uko? À toi."

"Niko. À toi."

"Nilikusikia, maman. Nikakimbia. Mikono juu, napiga makelele, kimbieni, kimbieni. Wakaniona nakuja vile, mikono juu." Hakuachia kitufe, mvumo wa chumba chake ukasikika, na nyuma yake sauti nyingi. "Wakaanza kuimba. Walizani miye nafurahi. Muzee peke yake alielewa. Aliona uso yangu. Alichukua ile fimbo ya mbuzi akaingia katikati ya watu, anawapiga. Wanawake, wazee, anapiga tu, anafukuza. Watu wakamukasirikia, wakakimbia fimbo. Wale alipiga bako wazima, maman. Alikuwa anarudi kwa wale wengine. Bomu ikamukuta pale." Kikohozi kikamshika. "Tumeshahesabu thelathini na moja. Askari hata moja hakukufa, walitoka tangu midi, tulizani wanaenda kula. À toi."

Euphrasie alibonyeza kitufe akakiachia. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka tisa, ulikuwa bado kwenye kitufe, tayari kwa kazi.

"Maman, iko jambo lingine." Gérard sasa alinong'ona. "Bako inje. Wamezunguka nyumba. Wanasema miye njo nimewaita ku uwanja, kengele nilipiga miye, wanasema miye mutu wa zile ndege. Wamekwisha leta petroli. Bibi na batoto bako humu ndani. À toi."

"Fungua dirisha," Euphrasie akasema. "Geuza haut-parleur kwa inje. Weka sauti yote. À toi."

Lucien aliweka kiganja juu ya daftari. "Maman, usiseme. Ukisema, miye nitaandika. Komanda ataisoma."

"Andika. Uko na mwandiko muzuri."

Alijiweka sawa kwenye kiti. Alifuta uso kwa kitenge, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona, akabonyeza.

"Watu wa Shabunda. Miye ni Euphrasie wa phonie ya Bukavu, bibi ya Anaclet. Sauti yangu munaijua, njo inawaletea habari miaka tisa. Ndege, ni miye niliitangaza. Leo, saa moja ya asubuhi. Gérard alipiga kengele juu ya neno yangu, haikukuwa neno yake mwenyewe. Nilisema kandege kanakuja na chumvi, na nilijua ni kweli. Nyuma yake wakapiga huku kwetu, na sikuweza kuwafikia mbele ya saa kumi. Nilijaribu. Mukitafuta mutu wa kuchoma, nyumba yangu iko Muhumba, mbele ya miti mbili ya avoka. Gérard ni mutu ya mikono safi. Muache batoto wake watoke. À toi."

Alisubiri. Lucien alikuwa anaandika, kichwa chini, kila neno. Kutoka Shabunda ulikuja mvumo, kisha kishindo cha mlango, kisha sauti nyingi kwa Kirega, lugha ya kule, zikipandiana. Zikatulia kidogo. Mtu akachukua maikrofoni vibaya, akaigonga. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, na ilikuwa imekauka.

"Euphrasie. Miye bwana yako alinipiga na fimbo hapa ku bega. Batoto yangu mbili nilikuwa nimewaacha upande ya pili." Alipumua. Hakusema à toi, hakuwa mtu wa phonie, hivyo Euphrasie akangoja tu. "Tumekusikia. Gérard tunamuacha. Anaclet tutamuzika na wetu. Lakini wewe, hii sauti yako, tusiisikie tena hapa kwetu. Hata siku moja."

Kitufe kikaachiwa.

Euphrasie alitazama mshale wa betri. Ulikuwa umebaki na nguvu ya maneno machache. Angeweza kuuliza watamzika wapi, upande gani wa uwanja, na kama kuna mtu aliyemfumba macho. Alibonyeza.

"Nimesikia," akasema, na lile neno la kufunga phonie: "Terminé."